Pestiño bila divai: shajara ya jikoni, Sevilla

Jumamosi, 24 Februari 2024

Huu ni mwaka wangu wa nne Sevilla, na kila Kwaresima ikifika mambo ni yale yale. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, bibi aliyeshapita miaka themanini, hunigongea mlango ameshika sahani iliyofunikwa kitambaa. Kabla sijamkaribisha, harufu ya asali na ganda la chungwa imeshaingia ndani. Kisha anakumbuka. "Ay, mwanangu, zina divai," husema, na uso unamshuka. Namshukuru, naye hushuka ngazi na sahani yake taratibu. Mwaka juzi alidhani amepata dawa, akaniletea torrija, vile vipande vya mkate vinavyotoswa kwenye yai na kukaangwa. Kumbe torrija za hapa nazo nyingi huloweshwa divai nyeupe.

Mwaka huu nimeazimia. Nitapika pestiño mwenyewe, bila hata tone la divai, na ziwe pestiño hasa. Hakimu ni yeye. Juma Kuu la Wakristo limeangukia katikati ya Ramadhani, kwa hiyo Alhamisi Kuu sahani moja itashuka kwake na nyingine itakaa kwenye futari yangu.

Kwa asiyezijua: pestiño ni kitafunio cha Andalusia, kusini mwa Hispania, hupikwa Krismasi na Kwaresima. Huko Cádiz, kabla ya kanivali, kuna karamu ya mtaani iitwayo Pestiñada, watu wanagawiwa barabarani. Unga wa ngano hukandwa kwa mafuta ya zeituni na divai, ukatiwa ufuta na matalahúva (mbegu ndogo za jamii ya shamari, tamu, zenye harufu inayopanda puani). Husukumwa, hukatwa miraba, pembe mbili zinazotazamana zinakunjwa zipandane, kisha hukaangwa na kuchovywa kwenye asali. Kwetu Mombasa ndugu yake wa karibu ni visheti, ila visheti huvikwa shira ya sukari.

Nilishuka leo kuomba vipimo. Bibi alitoa glasi kabatini, akaiweka mezani: glasi ya mafuta, glasi ya divai, na unga "kadiri utakavyokubali". Nilicheka kwa furaha, maana mama yangu hupima vivyo hivyo. Ukimuuliza unga kiasi gani, atakwambia tia mpaka ukuitike.

Jumapili, 25 Februari

Jaribio la kwanza. Badala ya divai nimetia maji, basi. Nilitaka nijue kwanza hasara ni kubwa kiasi gani.

Mafuta nimeyapasha na ganda la chungwa, sehemu ya rangi tu bila ule weupe wa ndani, mpaka ganda likajikunja na kuanza kuwa kahawia. Hapo nikakosea. Nilimwaga ufuta na matalahúva moto ukiwa bado unawaka. Ndani ya sekunde kumi ufuta ulikuwa umeungua, na mafuta yote yakawa machungu. Ilinibidi niyamwage nianze upya. Mafuta ya zeituni hayana bei ya kuchezea mwaka huu, hata huku kwenye mizeituni yenyewe. Iliniuma kuyaona yanakwenda.

Safari ya pili nilizima moto kwanza, nikahesabu mpaka sitini, ndipo nikatia mbegu. Zilichemka kidogo pembeni, zikatulia, na jiko zima likanukia.

Unga wenyewe ulinishinda. Ukisukuma unarudi. Ukikata mraba wa sentimita saba, ukigeuza macho umekuwa sita. Kwenye mafuta zilivimba kidogo, zikatoka ngumu, za kutafuna kama chapati iliyolala. Nimekula tatu na asali kwa sababu sipendi kutupa chakula, lakini hizi si za kupeleka kwa mtu.

Jumamosi, 2 Machi

Wiki nzima nimefikiri divai inafanya kazi gani mle ndani. Nadhani watu wengi huichukulia kuwa ni ladha tu, na ndiyo maana mapishi ya "badala ya divai" huwa dhaifu. Ladha ndiyo sehemu ndogo.

Divai ni maji, kileo na ukali. Unga wa ngano ukipata maji, protini zake hushikana na kufanya utando unaovutika. Ndio unaotufaa kwenye chapati na ndio unaotukera kwenye pestiño. Mafuta huuvunjavunja utando huo. Kileo nacho kinachukua nafasi ya maji bila kuujenga, na ukali unaulegeza. Halafu kuna jambo la kwenye karai: kileo huchemka kwenye nyuzi joto 78, maji yanangoja hadi 100. Kwa hiyo pestiño ikigusa tu mafuta, mvuke wa kwanza unatoka kwa pupa na kuinua malengelenge madogo juu ya ngozi yake. Bibi huyaita *ampollas*, na huyatazama kama mama anavyotazama mchambuko wa mahamri.

Basi nahitaji kitu chenye ukali, kisicho na maji mengi, na nikubali kwamba malengelenge yatapungua.

Jaribio la pili leo: maji ya machungwa matupu. Unga ulilainika vizuri sana, nikajua ukali ni njia sahihi. Lakini sukari ya machungwa iliungua upesi. Kwenye nyuzi 175 zilikuwa kahawia iliyokoza chini ya dakika moja, na nilipovunja moja katikati nikakuta unga mbichi, mweupe, unaonata kwenye jino. Nikapunguza moto hadi 160. Hapo zikanywa mafuta. Ukiiweka moja kwenye karatasi, karatasi inakuwa kioo.

Jumapili, 3 Machi

Leo nimejifunza neno. Hispania ukiagiza *mosto* mkahawani unaletewa maji ya zabibu yasiyochachuka, kinywaji cha watoto na cha sisi tusiotumia kileo. Nikawaza: zabibu ile ile, ukali ule ule, bila kileo. Mtu kazini akaniambia mosto bora inatoka Aljarafe, vilima vya magharibi ya mji, na msimu wake haujaisha. Nikapanda basi hadi Umbrete, na chupa yangu tupu mfukoni.

Bahati nilinusa kabla ya kulipa. Aljarafe, mosto ni divai changa ya mwaka, iliyokwisha kuchachuka. Wenyewe huinywa majira ya baridi na zeituni na samaki wa kuchoma. Muuzaji aliona nilivyorudi nyuma, akauliza, nikamweleza. Alinipeleka mwenyewe mpaka dukani akanionyesha chupa ya mosto ya watoto. Safari haikuwa bure. Njiani michungwa ya machungwa machungu ya barabarani imeanza kutoa maua, na dirisha la basi lilikuwa wazi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata.

Sikupata peke yangu. Jana nilimpigia mama, nikamweleza kisa kizima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, na ndimu umetia? Shira bila ndimu inaganda chembe chembe." Mama alikuwa anazungumzia shira ya visheti, na asali haihitaji hilo. Lakini mimi nilisikia jibu la unga. Mosto ina sukari nyingi kama machungwa, hata zaidi. Nikiitumia peke yake itaungua vile vile. Ila nikiipunguza kwa maji, na ukali uliopungua nikaurudisha kwa limau, nitakuwa na ladha ya zabibu kidogo, ukali wa kutosha na sukari isiyozidi.

Hiki ndicho kipimo kilichofaulu, kwa gramu 500 za unga wa kawaida: mafuta ya zeituni mililita 150 yaliyotiwa harufu, mosto mililita 75, maji mililita 50, maji ya limau kijiko kikubwa kimoja kilichojaa, matalahúva kijiko kikubwa, ufuta vijiko vikubwa viwili, mdalasini nusu kijiko cha chai, karafuu mbili zilizosagwa, chumvi kidogo. Mafuta yakiwa vuguvugu ndipo yaingie kwenye unga. Nausugua kwanza kwa vidole mpaka uwe kama mchanga wa pwani uliolowa, ndipo naongeza majimaji. Halafu siukandi. Naukusanya tu ushikane, naufunika, nauacha saa nzima.

Baada ya saa hiyo unga ulikuwa mtu mwingine. Ulitii kifimbo, haukurudi nyuma hata kidogo. Nilisukuma mpaka ukawa na unene kama wa sarafu ya yuro mbili, nikakata miraba.

Kukunja bado ni tatizo. Unachukua pembe mbili zinazotazamana, unazileta katikati, moja inapanda juu ya nyenzake, unabana kwa kidole kilicholowa maji. Inakuwa kama mtu aliyejifunika shuka akaacha miguu na kichwa. Zangu kumi na moja kati ya arobaini zilifunguka mafutani, zikawa bapa kama mikate ya kitoto. Nimejaribu kuanza na upande wa mkunjo chini, inasaidia, lakini si tiba.

Jumapili, 10 Machi

Kesho ni kufunga. Leo ilikuwa siku yangu ya mwisho ya kuonja mchana, kwa hiyo nimeitumia yote kwenye asali.

Nimenunua asali ya maua ya michungwa. Ni nyepesi, rangi ya majani makavu, na haimezi harufu ya mbegu. Niliwahi kujaribu asali nyeusi ya milimani, nzuri kwa mkate, ila kwenye pestiño inapiga kelele peke yake.

Asali haipakwi ikiwa baridi; inakuwa nzito, inaganda juu kama blanketi. Hupashwa na maji kidogo. Maji yakizidi, pestiño inalowa na kesho yake imekuwa tepetepe. Maji yakiwa machache na moto mwingi, asali inageuka kuwa peremende na kung'oa meno. Nimeweka sahani nne mezani, kila moja na kipimo chake, nikaziacha kutwa. Iliyoshinda ni gramu 500 za asali kwa mililita 80 za maji: ichemke taratibu, povu jeupe litoke na kuondolewa kwa kijiko, kisha moto uwe mdogo kabisa. Pestiño tatu tatu zinaingia, unahesabu mpaka tano, unageuza, unahesabu mpaka tano, unatoa kwa upawa wa matundu na kuziweka kwenye wavu. Asali inapaswa kudondoka kwa matone yanayokatika. Ikidondoka kama uzi, imeshakuwa nzito, ongeza kijiko cha maji.

Ndani ya kitafunio kinabaki kikavu, kinavunjika. Nje kinang'aa na kunata vidoleni kidogo tu.

Jumamosi, 16 Machi (Ramadhani 6)

Nimekaanga alasiri nikiwa nimefunga. Wanavyuoni wameruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini mimi sikutaka. Nimegundua nilikuwa nategemea ulimi kwa mambo ambayo sikio linayajua vizuri zaidi.

Pestiño ikiingia mafutani hutoa sauti ya mvua kubwa juu ya mabati. Baada ya nusu dakika sauti inapungua, inakuwa manyunyu. Hapo ndipo pa kugeuza. Ikikaribia kunyamaza kabisa, maji yameisha ndani na kinachofuata ni kuungua. Leo sikutazama saa hata mara moja. Nilifumba macho, nikasikiliza, nikageuza. Futari ilipofika, saa moja na nusu jioni, baada ya tende tatu nilivunja moja: imeiva mpaka katikati, rangi moja pande zote. Ni kundi bora kuliko yote niliyopika nikiwa naonja.

Nilikwenda pia kwa muuza nyama wa Kimoroko hapa mtaani Macarena. Mwezi huu ameweka mlangoni mabeseni ya chebakia, vitafunio vya kwao vilivyofumwa kama maua, vikakaangwa, vikatoswa asali na kunyunyizwa ufuta. Nilimwonyesha pestiño yangu. Aliitafuta harufu, akasema mbegu hii kwao huitwa "habba hulwa", mbegu tamu. Nilisimama pale nikilirudia neno. *Matalahúva* ya bibi wa ghorofa ya pili ni lile lile neno la Kiarabu lililokaa Andalusia mpaka likazeekea huko, na "hulwa" hiyo ni ya shina moja na halua yetu. Nilirudi nyumbani nikaorodhesha vitu vilivyokuwa mezani kwangu: *aceite*, yaani mafuta, na zeituni yetu, shina moja, *azúcar* na sukari, neno moja, ufuta wao, *ajonjolí*, Kiarabu, chungwa lao, *naranja*, limepitia Kiarabu, na *azahar*, ua la mchungwa, ni ua tu kwa Kiarabu.

Granada, dola ya mwisho ya Waislamu Hispania, ilianguka mwaka 1492. Waislamu waliobaki wakalazimishwa kubatizwa, na wazao wao wakafukuzwa Hispania kati ya 1609 na 1614. Mwaka 1528, katikati ya mambo hayo, kilichapishwa Venice kitabu cha Kihispania ambamo mwanamke wa Kiandalusia anataja mapishi anayoyajua, na pestiño zimo, karibu na vitamu vya ufuta. Sisemi kwamba pestiño ni ya Waislamu. Imepikwa na watawa na akina bibi wa Kikristo karne kwa karne, na wao ndio walioitunza. Ila nilipokuwa nakunja unga leo sikujiona mgeni anayeomba ruhusa.

Jumatano, 27 Machi (Ramadhani 17)

Kundi kubwa, unga kilo moja, pestiño 83. Zimefunguka nne tu. Nimeanza kulowesha pembe zote mbili badala ya moja.

Mvua haikatiki tangu juzi, na hewa imelowa. Asali huvuta unyevu, hilo nililisahau. Zile nilizochovya mchana, kufikia usiku zilikuwa zinatoa jasho, matone madogo yanateleza kwenye wavu. Nimesimamisha kazi. Zilizobaki nimeziweka kavu kwenye bati lenye mfuniko, na nitazichovya kesho dakika ya mwisho, kabla tu ya kushuka.

Alhamisi, 28 Machi (Ramadhani 18)

Nimechovya ishirini saa kumi jioni, nimefunika kitambaa, nimeshuka.

Nyumba ya bibi ilikuwa imejaa. Usiku wa leo ndio usiku mkubwa wa Sevilla, vyama vya waumini hutoa sanamu zao makanisani na kuzitembeza mpaka asubuhi, na wa kwao ni Bikira wa Macarena. Mjukuu wake alikuwa ameshaandaliwa kanzu yake, imepigwa pasi, imetundikwa mlangoni. Wote walikuwa wanatazama dirisha. Mvua inapiga.

Bibi alichukua sahani kwa mikono miwili. Nilimwambia hazina divai, wala tone. Aliinua moja akaitazama kwanza, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya ngozi yake. "Ampollas ni chache," akasema. Nikasema najua. Akaiuma. Akatafuna kwa muda mrefu mpaka nikasikia mapigo ya moyo wangu.

"Unga ni huu," akasema. "Huu wenyewe." Kisha: "Matalahúva umeiogopa."

Kweli nimeiogopa. Tangu yale mafuta machungu ya Februari nimekuwa nikiitia kwa mkono wa birika.

Hakula zaidi kwanza. Alinishika mkono, akanipeleka jikoni kwake, akakata mraba kwenye kipande cha unga wake uliokuwa umebaki, akanionyesha mkunjo. Mimi nilikuwa nabana ukingo wa pembe, kama mtu anayefunga sambusa. Yeye hagusi ukingo. Analaza pembe ya juu, anaweka kidole cha shahada ndani ya lile tundu chini yake kama kijiti, na kwa gumba la mkono mwingine anabonyeza mara moja katikati, palepale zinapopandana, mpaka alama ya gumba inabaki. Ukingo unabaki huru kuvimba. Nilikunja tano mbele yake. Ya tano aliiacha bila kuirekebisha.

Niliporudi sebuleni sahani ilikuwa tupu. Nami nikapanda kwenda kufuturu.

Ijumaa, 29 Machi (Ramadhani 19)

Chama chao hakikutoka. Usiku mzima hakikutoka hata kimoja, mvua haikutoa nafasi. Asubuhi nilimkuta mjukuu amekaa kwenye ngazi, macho mekundu, kanzu bado haina hata tone la nta ya mishumaa. Sikuwa na la kumwambia. Nilipanda, nikapasha asali, nikachovya sita, nikamletea kwenye kisahani. Alikula zote pale pale, amenyamaza, nami nikakaa naye ngazi moja juu.

Yaliyobaki kabla ya Idi: matalahúva iwe vijiko viwili badala ya kimoja, nusu izame kwenye mafuta na nusu iingie kavu kwenye unga. Mkunjo wa gumba kwa kundi zima. Kujaribu kuongeza kijiko cha limau na kupunguza maji kiasi hicho hicho, nione kama malengelenge yatapanda. Mama anataka nimrekodie sauti ya mafuta, nitamtumia.

Leo ni Ijumaa Kuu, kila mahali pamefungwa. Duka la viungo linafungua kesho saa nne.